Pikipiki ya Kwanza: Anza na Miguu Yako

Msikilizaji wetu wa Karatu na Ngorongoro, unaponunua pikipiki yako ya kwanza, usianze na rangi. Ikalie. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Ukigusa kwa vidole tu, udongo wetu mwekundu ukilowa masika utakuangusha kabla hujabadili gia.

Anayeanza anatoshwa na injini ya CC 100 hadi 125: nyepesi, haili mafuta mengi, na spea zake hazisumbui kupatikana.

Kama pikipiki imeshatumika, nenda na fundi. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi ya usajili.

Kisha jifunze, ukate leseni, ununue kofia ngumu mbili: yako na ya abiria. Haraka haraka haina baraka. Fika nyumbani salama.