Kutambua Kabla ya Kufyatua: Maputo ya Upelelezi na Anga ya West Nile
Mhadhara wa umma kwa wakazi wa Lurujo, Koboko na Arua



Tarehe 4 Februari 2023, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-22 ilifyatua kombora moja karibu na pwani ya South Carolina na kuliangusha baharini puto la China, lililokuwa limekatiza nchi hiyo kwa siku kadhaa. Swali lililonileta mbele yenu linatuhusu sisi. Puto kama lile likipita juu ya Koboko kesho asubuhi, nani atalitambua? Nani ana haki ya kuamua lifanywe nini? Na likianguka, nani atakuwa wa kwanza kulifikia?

Hoja yangu ni moja. Ulinzi wa anga dhidi ya maputo huanza na ruhusa na utambuzi, na kombora huja mwisho kabisa. Nchi inayoruka hatua hizo za mwanzo hupiga isichokijua.

Katika eneo letu jambo hili lina uzito wake. Mwezi Novemba 2000, soko la Yei, katika Sudan Kusini ya leo, lilipigwa mabomu na ndege ya serikali ya Khartoum, na watu waliokwenda kununua chakula wakafa. Wapo wakimbizi katika kambi za Rhino, Imvepi na Bidi Bidi ambao hadi leo wakisikia mngurumo juu ya vichwa vyao hutafuta pa kujificha. Kwa watu hao kitu kisichojulikana angani ni hofu ya kweli, na serikali inawiwa nao maelezo ya kweli.

Upepo wa ikweta

Mwaka 1908, mtaalamu wa hali ya hewa Arthur Berson wa kituo cha Lindenberg, Ujerumani, alirusha maputo katika eneo la Ziwa Viktoria. Kabla yake, vumbi la volkano ya Krakatoa iliyolipuka mwaka 1883 lilikuwa limewaaminisha wataalamu kwamba juu kabisa ya ikweta upepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Maputo ya Berson yalikuta upepo unaovuma kinyume. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla ya kufahamika kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki: katika tabaka la stratosfia juu ya ikweta, upepo hubadili mwelekeo, na mzunguko mmoja kamili huchukua wastani wa miezi 28.

Elimu hiyo, ambayo sehemu ya mwanzo wake ilipatikana hapa Afrika Mashariki, ndiyo msingi wa kuendesha puto lisilo na injini. Anayelirusha hulipandisha au kulishusha mpaka likute upepo unaokwenda anakotaka. Lakini upepo hausimami mpakani Vurra kugonga muhuri wa pasipoti, wala haupangi foleni Oraba. Ukivuma kwa mita 10 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 36 kwa saa. Puto likipita juu ya Koboko, nchi tatu za Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinaweza zote kuguswa nalo asubuhi moja. Wilaya yenye mipaka ya namna hiyo haiwezi kuliacha suala hili mikononi mwa mji mkuu peke yake.

Kwa nini puto humsumbua askari

Wengi huuliza: nchi yenye setilaiti inahitaji puto la nini? Setilaiti ya upelelezi iliyo karibu na dunia huenda kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Hupita juu ya mahali kwa dakika chache, na saa yake ya kupita hujulikana mapema. Puto huelea kilomita 18 hadi 30 juu, karibu zaidi na ardhi, na linaweza kukaa juu ya eneo moja kwa saa nyingi likipiga picha na kunasa mawimbi ya redio na simu. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya setilaiti.

Shida ya kwanza ya jeshi ni kuliona. Kitambaa chake cha plastiki hakirudishi mawimbi ya rada vizuri. Isitoshe, mitambo ya rada huwekwa kichujio kinachoondoa vitu vyenye mwendo wa polepole, ili afisa asizongwe na ndege wa porini na mawingu. Baada ya tukio la Februari 2023, jeshi la Marekani lilikiri kwamba maputo mengine yaliwahi kupita bila wao kuyaona. Walipolegeza kichujio hicho, vitu vikajaa kwenye vioo vyao. Katika siku tatu, tarehe 10 hadi 12, wakatungua vitu vitatu zaidi, kimoja katika anga ya Kanada. Tarehe 16 Rais Biden akatangaza kwamba vitatu hivyo huenda vilikuwa maputo ya makampuni binafsi, ya burudani au ya utafiti. Kombora moja la aina iliyotumika linagharimu zaidi ya dola 400,000. Utambuzi ulikuja nyuma ya kombora, na gharama ikalipwa na mwananchi.

Shida ya pili ni kuliangusha. Mwezi Agosti 1998, puto la utafiti wa hewa ya ozoni liliponyoka nchini Kanada. Ndege za kivita za CF-18 zikalifyatulia zaidi ya risasi 1,000, nalo likaendelea na safari, likavuka Atlantiki na kutua Finland. Sababu ni ya kisayansi. Puto la kuchezea watoto hupasuka kwa kuwa hewa ya ndani imebanwa na mpira. Puto kubwa la anga za juu lina kanieneo karibu sawa ndani na nje. Risasi hutoboa tundu dogo, na heliamu huvuja taratibu kwa saa nyingi, hata siku. Tena ndege nyingi za kivita hazifiki kimo hicho. Ile F-22 ilifyatua ikiwa futi 58,000, na puto lilikuwa juu yake.

Shida ya tatu inatugusa sisi tulio chini. Puto la China lilikuwa na urefu wa mita 60 hivi, na mzigo uliozidi kilo 900. Wamarekani walingoja lifike baharini kwa kuhofia kwamba mabaki yangewaangukia watu. Sisi hatuna bahari. Chini ya anga ya West Nile kuna mashamba ya tumbaku na mihogo, shule, masoko, na kambi zenye maelfu ya familia. Amri ya kulitungua puto juu ya Yumbe ni amri ya kuchagua litakapoangukia.

Ruhusa ndiyo mpaka

Kifungu cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaipa kila nchi mamlaka kamili na ya pekee juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 8 kinakataza chombo kisicho na rubani kuruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinaongeza kwamba puto zito liwe na njia mbili zinazojitegemea za kusitisha safari ya mzigo wake. Kwa hiyo sheria ipo. Kinachotakiwa ni uwezo wa kuitumia.

Uganda imewahi kuitumia vizuri. Mwezi Desemba 2019, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ilitia saini makubaliano na kampuni ya Loon, dada wa Google, ili maputo yake yapite katika anga yetu. Tarehe 7 Julai 2020 huduma ikaanza Kenya kwa ushirikiano na Telkom: maputo 35 hivi, kimo cha kilomita 20, yakipeleka intaneti katika eneo la karibu kilomita za mraba 50,000. Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga mradi kwa sababu za gharama.

Zingatieni hapa. Puto la Loon na puto la China vilikuwa vyombo vya jamii moja: gesi nyepesi, paneli za sola, mitambo ya mawasiliano, kimo kinachokaribiana. Kilichovitenga ni idhini. Moja lilijulikana jina, njia na mwenyewe, na waongoza ndege wakalifuatilia. Jingine liliingia bila hodi, na China ikadai ni chombo cha hali ya hewa kilichopotea njia.

Hata hivyo makubaliano yanayoishia kwenye meza ya mamlaka hiyo Entebbe hayatoshi. Januari 2018 puto la majaribio la Loon lilianguka shambani huko Meru, Kenya. Wakazi wakakusanyika bila kujua ni kitu gani, na baadhi yao wakalalamika kuumwa kichwa. Kampuni ilikijua chombo chake. Mwenye shamba hakuambiwa.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne. Kwanza, idhini yoyote ya puto kupita juu ya mpaka wetu ifikishwe kwenye wilaya kabla ya safari, pamoja na jina la mwenyewe na namba ya simu ya dharura. Pili, kila mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, awe na maelekezo mafupi kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa na Kiswahili: kitu kikianguka, watu wakae mbali, watoto wazuiwe, waya na betri zisiguswe, polisi waitwe mara moja. Tatu, maafisa wa anga wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini wawe na njia ya kupashana habari saa hiyohiyo. Mwaka 2025 Lithuania ililazimika kufunga uwanja wa ndege wa Vilnius mara kadhaa kwa sababu ya maputo ya magendo ya sigara kutoka Belarus; nasi tunaishi kwenye mpaka ambako magendo hayajawahi kukosa njia. Nne, vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Muni wajifunze kurusha maputo ya hali ya hewa na kupima upepo. Anayeujua upepo wa kwao hawezi kudanganywa kirahisi kuhusu kilichopotea njia.

Jeshi lina wajibu wake, na ndege zake zina kazi yake. Ila mkulima wa Lurujo ndiye atakayefika wa kwanza penye mabaki, na yeye hana rada wala kombora. Ana macho, simu na haki ya kuambiwa. Bajeti ya ulinzi wa anga isiyompa mtu huyo hata namba ya kupiga bado haijakamilika, na wajumbe wetu bungeni wanapaswa kulisema hilo kwa sauti itakayosikika Kampala.