Hakimiliki: Soma Kabla ya Kutia Saini

Leo tunazungumzia hakimiliki: nani anamiliki kazi ya sanaa, na kwa muda gani.

Mwaka 1939, Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo “Mbube” jijini Johannesburg. Haki zake ziliuzwa kwa kampuni ya Gallo kwa shilingi 10 tu. Wimbo ukavuka bahari, ukawekewa maneno mapya, ukawatajirisha wengine, hata ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962, akiwa fukara.

Kilichowapa warithi wake nguvu ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini: haki alizouza msanii zilirudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Disney ilishtakiwa mwaka 2004. Makubaliano yakafikiwa mwaka 2006, familia ikapata mirabaha.

Nchini Tanzania na Kenya, hakimiliki hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Lakini ukiuza haki zote, anayefaidi miaka hiyo ni mnunuzi. Basi msanii, kabla ya kutia saini, uliza: nauza haki, au natoa kibali tu? Kwa miaka mingapi? Usipoelewa, mwone mwanasheria kwanza.