Maana ya "Without Prejudice" Katika Barua Zetu



Tuseme machache juu ya maneno mawili ya Kiingereza, "Without Prejudice". Barua nyingi za wanachama zinazopita mezani kwetu zina maneno hayo juu yake, na walio wengi huyafasiri kuwa "bila chuki". Maana hiyo yafaa katika mazungumzo ya kila siku, lakini siyo ya sheria. Katika sheria, "prejudice" ni kudhurika kwa haki ya mtu. Basi aandikaye hivyo ni kama asemaye, "Haya niyatoayo yasiipunguze haki yangu."

Mathalani, mtu amefutwa kazi naye adai mshahara wa shilingi 90,000. Ili ugomvi uishe kwa amani, yu radhi kupokea 60,000. Barua ya kutoa rai hiyo ndiyo iandikwe "Without Prejudice". Tajiri akikataa na neno likafika kortini, hataweza kuitoa barua ile na kusema, "Mwenyewe alikiri kuwa haki yake ni 60,000." Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, katika kifungu cha 23, yazuia ukiri wa namna hiyo katika kesi za madai. Wakipatana, hata hivyo, barua hizo zaweza kuonyeshwa ili kuthibitisha mapatano yenyewe.

Hatari iko hapa. Barua ya kwanza, ile ya kudai 90,000 zote, ndiyo mwanachama atakayotaka hakimu aione. Akiyaandika maneno yale juu yake, ampa mpinzani sababu ya kusema isisomwe, naye abaki akitafuta ushahidi mwingine kwamba alidai. Tumeyaona pia juu ya risiti, na hata juu ya barua ya kuomba likizo, mahali pasipo na ugomvi wowote! Wala maneno haya si hirizi. Korti hutazama kama barua ni ya kutafuta suluhu kweli, haitazami kichwa chake tu. Na matusi yaliyoandikwa chini yake ni matusi vilevile.

Tena, kuandikiana hakusimamishi siku. Kwa kawaida Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mtu miaka 3 kufungua kesi ya kazi, nayo yaendelea kuhesabiwa huku barua zikienda na kurudi. Mwenye barua ya namna hii na ailete ofisini kabla ya kuipeleka posta, tuisome pamoja naye.