Mabao ya Julai

Msikilizaji, msimu wa mechi za kirafiki ukifika, kila kijiwe kina bingwa wake. Timu imeshinda mara moja, shabiki ameshaanza kuhesabu makombe. Je, ana haki?

Tuanze na mfano. Julai 28, 2024, mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, katika mechi ya kirafiki, Yanga ya Tanzania iliichapa Kaizer Chiefs mabao 4-0. Prince Dube alifungua, Stephane Aziz Ki akaweka mawili, Clement Mzize naye akafunga. Kwenye benchi la wapinzani alikuwapo Nasreddine Nabi, kocha wa zamani wa Yanga hiyo hiyo. Utamu ulioje!

Sasa twende Novemba. Yanga ile ile ikalala 2-0 mbele ya Al Hilal ya Sudan, tena nyumbani, Uwanja wa Mkapa. Mwishowe safari yake ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikaishia hatua ya makundi.

Kwa upande mmoja, basi, mechi ya kirafiki ni mazoezi: kocha anajaribu kikosi, wapinzani bado wanatafuta pumzi. Kwa upande wa pili, shabiki hakuota ndoto tupu, kwani Yanga ilimaliza msimu ikiwa bingwa wa Tanzania.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Kwa sababu jezi na tiketi unanunua wewe, kwa matumaini ya Julai. Na matumaini yakipitiliza, kocha hana pa kujificha. Miguel Gamondi, aliyeongoza ushindi wa Bloemfontein, hakuwapo tena siku ya Al Hilal.

Tujiulize, basi: shabiki ampe kocha mechi ngapi za ushindani kabla ya kumhukumu?