Tuilinde Mizizi ya Miparachichi Yetu

Maelezo kwa wanachama kabla ya harambee ya kitalu



Mparachichi ukioza mizizi, dalili huonekana juu: majani huwa madogo na ya njano, matawi hukauka kuanzia nchani, mti hunyauka ilhali udongo una maji. Msababishi ni kimelea kiitwacho fitoftora, kilichoelezwa kitaalamu mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini ya Sumatra. Vijimbegu vyake huogelea katika maji ya udongo. Husafiri kwa jembe lenye tope, kwa maji ya mvua, na kwa miche iliyougua tangu kitaluni. Mkulima hununua mche, kumbe amenunua na ugonjwa ndani ya kiriba.

Lakini si kila ukungu ni adui. Trikodema ni ukungu wa kijani unaoishi udongoni. Huizunguka mizizi, huwahi nafasi na chakula, hujiviringisha kwenye nyuzi za kimelea na kuzimeng'enya. Ni mlinzi, si mfufuaji: mti uliokwisha mizizi haurudi. Ndiyo maana kazi yake ianze kwenye kiriba, kisha kwenye shimo.

Huchanganywa na samadi iliyoiva na kuwekwa kwenye udongo wenye unyevu. Pakiti itunzwe mahali pa baridi, mbali na jua, na tarehe yake iangaliwe. Usimwagie hapohapo dawa ya kuua ukungu. Utamuua mlinzi wako. Tununue bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na tumshirikishe afisa ugani. Wala trikodema haiwezi kushinda bondeni maji yanakotuama: panda juu ya tuta, funika udongo kwa nyasi kavu, acha nafasi kuzunguka shina.

Ndugu zangu, mche wa kubebesha huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Ukifa mwaka wa pili, mzazi amepoteza jasho na ada ya mtoto. Tunaomba mchango wenu kwa ajili ya kitalu kimoja cha pamoja: udongo safi, meza za kuinua viriba, maji salama na trikodema. Anayetoa kiriba kimoja ametoa mti. Kinga ni bora kuliko tiba.