Betri Mpya, Taa za Zamani: Nasaha kwa Wenye Magari wa Carama na Mpakani



Mmezoea kutusikia tukizungumzia wizi, magendo na hati za kusafiria. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo, nalo linagusa uhai wa watu barabarani: taa zinazobaki zikiwaka kwenye dashibodi baada ya gari kuwekewa betri mpya, na njia ya haki ya kuzizima.

Sababu ya kulichagua mnaijua. Tangu uhaba wa mafuta ulipoibana nchi yetu, magari mengi hukaa uani au kwenye foleni siku nyingi bila kuwashwa. Gari lililosimama huendelea kula betri kidogo kidogo, kwani saa, king'ora na kompyuta zake hazilali; na alteneta, ambayo ndiyo huijaza betri, haizunguki. Betri ya risasi na asidi ikiachwa muda mrefu bila chaji, sahani zake hufanya ukoko, nayo hairudii nguvu yake ya awali. Mwenye gari hulazimika kununua nyingine. Fundi huifunga, injini huwaka, lakini dashibodi hubaki na taa tatu au nne za manjano. Hapo hujitokeza mtu wa kusema: “Nipe kidogo tu, nizizime zote.” Mtu huyo ndiye tunayetaka mmpime kabla ya kumfungulia mlango wa gari.

Tuanze na lugha ya taa zenyewe. Nyekundu huamuru: egesha mahali salama, uzime injini. Ndivyo zilivyo taa za shinikizo la oili, joto la injini na breki. Manjano huonya: gari litatembea, lakini lina kasoro inayotaka kuchunguzwa. Kijani na buluu hueleza tu kwamba kitu fulani kimewashwa. Ufunguo unapofikishwa hatua ya pili, kabla injini haijawaka, taa nyingi za tahadhari huwaka kwa pamoja kisha huzimika zenyewe. Huko ni gari kujipima. Taa ambayo haiwaki kabisa wakati huo itiliwe shaka kama ile isiyozimika.

Kwa nini betri mpya huamsha taa hizo? Betri inapofunguliwa, baadhi ya kompyuta hupoteza kumbukumbu zilizojifunza: kiasi cha hewa injini inapotulia, mahali usukani uliponyooka, hata kikomo cha vioo vya madirisha. Betri iliyofifia nayo, kabla haijabadilishwa, huwa imezipa kompyuta umeme pungufu, nazo zikaandika makosa yasiyokuwapo. Taa za namna hii nyingi hutoka bila kulipa mtu yeyote.

Fuateni utaratibu huu. Kwanza, hakikisheni kazi ilifanywa sawasawa: wakati wa kufungua, waya wa hasi hutangulia, wakati wa kufunga, huwa wa mwisho. Vishikio vikaze visichezecheze, na ncha za betri ziwe safi. Kishikio kilicholegea peke yake chaweza kuwasha taa nusu ya dashibodi.

Pili, washeni injini mkiwa mmezima redio, taa kubwa na kiyoyozi, muiache itulie dakika kama kumi. Mngurumo ukipanda na kushuka mwanzoni, msishtuke. Injini inajifunza upya.

Tatu, iwapo taa ya uthabiti wa gari au ya usukani wa umeme ingali inawaka, zungusheni usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, muurudishe katikati. Endesheni polepole kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, kisha zimeni na kuwasha tena. Kwa magari mengi taa hiyo hutoka hapo. Dirisha likikataa kupanda lenyewe, shikilieni kitufe hadi kioo kifike juu, mkiendelee kukishikilia sekunde chache.

Nne, taa ya injini ikidumu baada ya safari kadhaa, mwendeeni fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa. Kifaa hicho huchomekwa chini ya dashibodi, nacho hutoa namba ya kosa. Mwombeni aisome na kuiandika kabla ya kuifuta. Kufuta bila kusoma ni kuchana barua kabla ya kuifungua.

Ziko taa ambazo betri mpya haiwezi kuwa kisingizio chake. Taa nyekundu yenye alama ya betri, ikiwaka injini ikiendeshwa, humaanisha kwa kawaida kwamba betri haijazwi. Betri nzima iliyopumzika hupima takriban volti 12.6, injini ikiwaka, kipimo hupanda hadi karibu volti 14. Kisipopanda, tatizo huwa kwenye alteneta, mkanda au nyaya, na betri mliyoinunua kwa jasho itakufa kama mwenzake. Taa ya mifuko ya hewa nayo isiguswe na fundi wa kubahatisha, kwani mfuko huo hufumuka kwa kulipuliwa na unaweza kumjeruhi aliyeuinamia.

Sasa tuseme lililotuleta. Ziko hila zinazojulikana: kung'oa balbu ya taa ya onyo, kuibandika plasta nyeusi, au kuunganisha waya wake na wa taa nyingine ili zizimike pamoja na gari lionekane zima. Wako pia wanaofuta makosa asubuhi ili wauze gari mchana, wakijua kwamba taa itarudi mnunuzi akishafika nyumbani. Huo ni udanganyifu, na unapohusu breki ni hatari kwa roho za watu. Mfikirieni abiria anayeteremka kutoka Bugarama, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye bonde letu la Tanganyika, kona baada ya kona, waendesha baiskeli wenye mizigo ya ndizi wakiwa pembeni. Dereva wake anatazama dashibodi tulivu, hajui kwamba taa ya breki ilinyamazishwa gereji. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mnunuzi wa gari lililotumika, awe amelipata hapa, Uvira au Dar es Salaam, na azungushe ufunguo mwenyewe kabla ya kulipa, ahesabu taa zinazowaka na zinazozimika. Akiweza, amwite fundi wake na kifaa. Magari mengi huonyesha kama majaribio yao ya ndani yamekamilika. Yasipokamilika, huenda makosa yalifutwa karibuni, au betri ilifunguliwa juzi tu. Mwenye gari aulizwe ni lipi.

Tuna maneno mawili kuhusu betri yenyewe. Inunueni kwa risiti. Betri isiyo na asili, inayouzwa kwa bei ya kutupa, huenda iliibwa kwenye gari la jirani yenu lililokosa mafuta. Wizi hauna mguu pasipo mnunuzi. Na betri kuukuu msiitupe mtaroni wala kuwaachia watoto waivunje. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, asidi huunguza ngozi, na maji ya mitaro yetu huishia katika ziwa tunalolishiriki na Kongo, Tanzania na Zambia. Irudisheni kwa muuzaji.

Ndugu zetu, askari wa usalama barabarani akikusimamisha na kukuuliza juu ya taa inayowaka, mweleze ukweli: betri ilibadilishwa lini, nani aliifunga, gari linaelekea kwa fundi gani. Mazungumzo hayo ni mema kuliko yale tunayolazimika kufanya na familia baada ya ajali. Nanyi mafundi wa Carama, tunawatazama kama wenzetu katika ulinzi. Fundi anayekataa kung'oa balbu, hata anapoongezwa fedha, amelinda maisha ya watu ambao hatawajua kamwe.

Maswali yenu tunayakaribisha, na magari yaliyoegeshwa nje tuyatazame pamoja kabla hatujaagana.