Bukuru Yuko Wapi?

Mazungumzo ya redio kuhusu kazi ya kuhudumia watoto waliotengana na familia zao

[MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA, KISHA UNASHUKA NA KUBAKI CHINI]

MTANGAZAJI: Leo tunaye mgeni, dada mmoja wa Tanzania, afisa wa mashauri ya watoto, ambaye amefanya kazi na watoto wakimbizi mkoani Kigoma. Hatutamtaja jina, na yeye pia hatataja jina kamili la mtoto yeyote. Siri ya mtoto ni mali ya mtoto. Dada, karibu, wasikilizaji wanakusubiri.

[MUZIKI UNAKATIKA]

MZUNGUMZAJI: Asante sana. Amahoro kwa ndugu zangu Warundi. Jambo sana kwa ndugu zangu Wakongomani. Na wenyeji wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, nawasalimu.

Watu wengi kambini hawajui cheo changu. Wanasema tu, "Yule dada wa watoto." Mimi naridhika na jina hilo. Kazi yenyewe ni hii: mtoto akifika peke yake, bila baba wala mama wala mtu mzima wa kumlea, anafunguliwa faili, na faili hilo linakabidhiwa mtu mmoja. Mtu huyo anatakiwa kujua amelala wapi, amekula nini, anasoma au hasomi, nani anampiga, nani anampenda, na ndugu zake wako wapi. Anamtafutia familia ya malezi, anamtembelea, na wakati huohuo anatafuta watu wake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 22, unataka mtoto mkimbizi asaidiwe kutafuta wazazi na jamaa zake. Kwa hiyo si hisani. Ni haki yake.

Lakini leo sikuja kusifia kazi hii. Nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mimi, kwa kalamu yangu mwenyewe, na jinsi mama mmoja wa jirani alivyolisahihisha kwa swali moja.

[KIMYA KIFUPI]

Mnaukumbuka mwaka 2015. Kuanzia mwezi wa Aprili Warundi walikimbia kwa maelfu. Wengi waliokuja kwa upande wa ziwa walifikia Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania, mbele maji ya Tanganyika, nyuma mlima. Barabara ya gari haikuwepo. Watu walijaa ufukweni mpaka hapakuwa na pa kukanyaga, na mwezi wa Mei kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba na boti nyingine zikawa zinawachukua watu kidogo kidogo mpaka Kigoma mjini, wanapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilikuwepo tangu mwaka 1996, ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongomani. Sasa ikapokea wageni wapya mpaka ikawa kama mji.

Katika basi mojawapo alishuka mvulana wa miaka kama tisa. Mkononi alikuwa na kidumu kitupu cha maji cha lita tano. Hakuwa na kitu kingine.

Nilimketisha. Alikuwa anatoka pwani ya ziwa upande wa Nyanza-Lac, na watu wa kule wengi wanajua Kiswahili. Nikaona sina haja ya mkalimani. Nikamwuliza, "Unaitwa nani?" Akajibu kwa sauti ndogo. Nikaandika nilivyosikia: Emanueli Mtoi. Nikamwuliza, "Umekuja na nani?" Akasema, "Niko peke yangu." Nyuma yake kulikuwa na mstari wa watoto wengine, mmoja analia, mwingine ana homa. Mbele yangu karatasi ilikuwa na nafasi imeandikwa "Ndugu". Nikaandika: "Hana ndugu." Nikamwita anayefuata.

Wasikilizaji, hebu tazameni. Mtoto alisema, "Niko peke yangu." Mimi nikaandika, "Hana ndugu." Je, ni neno moja hilo? Si moja hata kidogo. Lake lilikuwa habari ya siku ile. Langu lilikuwa hukumu ya maisha yake yote.

Na jina pia nililiharibu. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtoto anafuata jina la baba, kwa hiyo nilidhani Mtoi ni baba yake, na tukaanza kumtafuta mzee Mtoi. Hakukuwa na mzee Mtoi. Kwa Warundi wengi kila mtu katika familia ana jina lake. Baba ana lake, mama lake, kaka lake, dada lake. Halafu kuna majina yanayohesabu: Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane, Bucumi ni wa kumi. Jina lenyewe linakwambia nyumbani kwao wako wangapi. Dereva wetu alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana. Alikuwa ameketi nje, hatua kumi kutoka mezani kwangu. Sikumwita.

[KIMYA KIFUPI]

Yule mvulana tulimpeleka kwa mama mmoja Mrundi, mjane, mwenye wajukuu wawili. Mama mpole, lakini si mtu wa kubembeleza. Nilipokuja kumtembelea wiki ya kwanza, alinikaribisha, akaniambia, "Binti yangu, huyu mtoto halali ndani. Usiku anatoka anakaa mlangoni." Nikaandika: "Halali vizuri." Wiki nyingine akaniambia, "Nikimpa chakula, anakula nusu, nusu anaiacha kwenye sahani." Nikaandika: "Hamu ya chakula ni ndogo." Niliandika kila kitu. Sikuelewa kitu.

Ikapita miezi mitano. Siku moja nilimkuta mama amekasirika. Akaniuliza, "Binti yangu, hii karatasi yako inasema mtoto huyu anaitwa nani?" Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Mtoi ni nani? Mtoto huyu ni Butoyi."

Nikasema, "Sawa mama, nitasahihisha herufi."

Akasema, "Si herufi. Butoyi ni pacha. Ni pacha wa pili. Wa kwanza anaitwa Bukuru. Hakuna Butoyi bila Bukuru." Halafu akamgeukia mvulana, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, akamwuliza kwa Kirundi, taratibu kabisa: Bukuru yuko wapi?

Mtoto aliacha maharage. Kwa miezi mitano sikuwa nimemwona akilia. Siku ile alilia mpaka jirani wakaja kuchungulia.

Ndipo yakatoka yote. Wazazi wao walikwisha kufa zamani, walilelewa na bibi. Walitoka watatu. Pale Kagunga, Bukuru alianza kuharisha na kutapika. Bibi akamtuma Butoyi akachote maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi na kidumu chake, mkeka haukuwepo, bibi hakuwepo, pacha wake hakuwepo. Akauliza. Mtu mmoja akamwambia wagonjwa wamechukuliwa. Mwingine akasema, "Yule mtoto alikuwa amekwisha." Basi yeye akaamini kwamba ndugu yake amekufa, na amekufa kwa sababu maji yalichelewa. Wakati anapanda meli, alimwaga yale maji ziwani. Kile chakula anachobakiza kilikuwa cha Bukuru. Na usiku mlangoni alikuwa anamsubiri mtu ambaye aliogopa hata kumtaja.

[MUZIKI WA TARATIBU, SEKUNDE KUMI]

MZUNGUMZAJI: Nilirudi ofisini usiku huo nikatafuta upya, safari hii kwa jina sahihi. Haikuchukua hata siku mbili. Bukuru alikuwa hai. Alitibiwa Kigoma, akapona, akaletwa na bibi yake kambini humohumo Nyarugusu, upande mwingine wa kambi. Bibi alikuwa amekwisha kutoa taarifa tangu mwezi wa Juni: anamtafuta mjukuu wake, Butoyi, umri miaka tisa, pacha. Karatasi yake ilikuwa katika kabati moja, yangu katika kabati jingine. Yake inasema Butoyi, pacha. Yangu inasema Mtoi, hana ndugu. Zingekutanaje?

Hata hivyo hatukuwakutanisha palepale. Msikilizaji anaweza kuona huo ni ukatili, lakini kuna watu wanaodai watoto wasio wao, kwa sababu ya mgao wa chakula, kwa sababu ya kazi za nyumbani, au kwa mabaya zaidi. Kwa hiyo tuliwauliza kila mmoja peke yake. Nyumbani kwenu mlango unatazama wapi? Nani alikuwa analala upande wa ukutani? Bibi akikasirika anasemaje? Majibu yalifanana, mpaka lile la bibi akikasirika, ambalo kwa heshima yake sitalisema redioni.

Siku ya kukutana, mimi nilitegemea watakimbiliana. Hawakukimbiliana. Butoyi alisimama. Alimtazama Bukuru kwa muda, akamsogelea, akampiga ngumi ya kifua. Halafu akamshika shati, na hakuliachia mpaka jioni.

Wakati tunawasindikiza kwa bibi, aliniuliza, "Dada, mbona hukuniuliza?"

Ningeweza kumwambia habari za foleni. Ningeweza kumwambia kwamba miongozo ya kimataifa ya ulinzi wa mtoto inashauri afisa mmoja asizidishe watoto 25, na kwamba mimi nilikuwa na wengi kuliko hao. Ni kweli, na wakubwa wanaogawa fedha za kazi hii walisikie hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa hakuuliza habari za miongozo. Nilimwambia, "Nilikosea. Nisamehe." Akaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alichoka tu.

Na faili halikufungwa siku ile. Faili la mtoto halifungwi siku ya kukumbatiana. Bibi alikuwa mzee, magoti yanamsumbua, na sasa ana wavulana wawili. Ilibidi jina la Butoyi lihamishiwe kwenye kadi ya bibi, ahamie shule ya upande ule, na apate mtu wa kuzungumza naye juu ya yale maji. Yule mama aliyemlea naye alibaki na sahani moja zaidi. Alinisindikiza mpaka barabarani akasema, "Sikumzaa, lakini nilikuwa nimeshazoea kuamka usiku kumfunika." Tulikubaliana na bibi kwamba mtoto atakuwa anaruhusiwa kumtembelea.

Si kila faili linaisha hivi. Nina majina ambayo nimeyatafuta kwa miaka na sijapata jibu. Ndiyo maana simwahidi mtoto kwamba nitampata mama yake. Namwahidi kwamba nitatafuta, na kwamba nitarudi kumwambia, hata kama sina kitu cha kumwambia. Hiyo ahadi naiweza.

[KIMYA KIFUPI]

Kabla sijaaga, nina maneno matatu kwenu.

La kwanza ni kwa wazazi na walezi walio safarini, au wanaohofia kusafiri. Mfundisheni mtoto jina lake kamili na jina lako kamili. "Mama Fulani" halitoshi, kambi nzima ina akina Mama Fulani. Mfundisheni jina la kilima au kijiji, tarafa na mkoa mnakotoka. Mfanyeni wimbo, aimbe. Na mkifika kwenye umati, chagueni pa kukutania mtu akipotea.

La pili ni kwa majirani. Ukimwona mtoto yuko peke yake, mpe chakula, mpe pa kulala, Mungu atakulipa. Lakini toa taarifa, usimfiche. Bibi yake anaweza kuwa anamlilia upande wa pili wa barabara. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Namba 116 haina malipo, na inapokea simu za watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Na akija mtu usiyemjua akisema, "Huyo ni mtoto wangu," usimkabidhi mlangoni. Nendeni wote kwa afisa.

La tatu ni kwa wenzangu wa kazi hii. Jina la mtoto aliandike yeye kama anajua kuandika, au alisome mtu wa lugha yake. Muulizeni dereva, mpishi, mama wa jirani. Wanajua mambo ambayo fomu haiyajui.

Mimi siku hizi siandiki "hana ndugu". Naandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema: "Amesema yuko peke yake." Halafu naiweka kalamu chini, namwuliza swali moja: kabla ya kuwa peke yako, ulikuwa na nani?

Asanteni kwa kunisikiliza. Murakoze.

[MUZIKI UNAPANDA, UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Asante, dada. Msikilizaji, redio nayo ina historia katika kazi hii. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Jina likisomwa hewani, kuna sikio mahali fulani linalolisubiri.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya hapa maswali ya kujadili. Katika mtaa wenu, kuna mtoto ambaye hamjui ametoka na nani? Watoto wenu wanaweza kutaja majina yenu kamili na mahali mnakotoka? Wajaribuni leo jioni. Na akipatikana mtoto peke yake leo usiku, nani kati yenu atakwenda kutoa taarifa, na kwa nani?

Mpaka juma lijalo, kaeni salama.

[MUZIKI WA KUFUNGA]